Kuhifadhi Historia ya Waliotutangulia: Mfano wa Askari Waanzilishi wa Kimormoni na Familia Zao

(Mada iliyotolewa mbele ya washarika na wageni wa dayosisi katika maadhimisho ya miaka 100 ya usharika)



Awali ya yote naishukuru Kamati ya Maandalizi kwa kunipa nafasi hii. Kamati iliniomba nizungumze juu ya uhifadhi wa historia, na ikanisihi nisiishie katika maneno ya jumla, bali nichukue mfano mmoja na kuueleza hadi ueleweke. Nimechagua mfano ulio mbali nasi kwa nchi na kwa wakati: ule wa askari wa Kimormoni waliovuka Amerika kwa miguu katika miaka ya 1846 na 1847, pamoja na wake zao, watoto wao na wazazi waliobaki nyuma.

Mafundisho ya Wamormoni na ya kwetu yanatofautiana sana, na hilo silo tulilojia hapa. Nimewachagua kwa kuwa walikuwa watu maskini, waliokuwa safarini, wasio na jengo wala kabati la kuhifadhia chochote; hata hivyo leo tunajua majina yao, tarehe zao na machozi yao kuliko tunavyojua habari za wengi waliotutangulia katika usharika huu. Yafaa tujiulize waliwezaje.

1. Askari hao walikuwa nani

Kanisa lao lilianzishwa na Joseph Smith mwaka 1830 katika jimbo la New York. Wafuasi wake walihama mara kwa mara kwa sababu ya uhasama baina yao na majirani. Walifukuzwa katika jimbo la Missouri, kisha wakajenga mji wa Nauvoo katika jimbo la Illinois. Tarehe 27 Juni 1844 Joseph Smith aliuawa na kundi la watu wenye silaha akiwa gerezani katika mji wa Carthage. Mwezi Februari 1846, chini ya uongozi wa Brigham Young, waumini wakaanza kuuhama mji wao. Walivuka Mto Mississippi wakati wa baridi kali, wakaelekea magharibi kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe.

Walipokuwa wangali wametawanyika katika kambi zenye matope za Iowa, vita vilizuka mwezi Mei 1846 kati ya Marekani na Mexico. Mwishoni mwa Juni, Kapteni James Allen wa jeshi la Marekani alifika kambini akitafuta wanaume 500 wa kujiunga na jeshi kwa mwaka mmoja. Tarehe 16 Julai 1846 wanaume hao waliandikishwa na kugawanywa katika kombania tano. Kikosi hicho ndicho kinachoitwa Batalioni ya Wamormoni.

Kutoka hapo walitembea hadi Fort Leavenworth, ambako walipewa bunduki na posho ya nguo ya dola 42 kila mmoja. Wengi waliendelea kuvaa nguo zao kuukuu, na sehemu kubwa ya fedha hizo wakairudisha kambini. Kapteni Allen alifariki mwezi Agosti. Mwezi Oktoba walifika Santa Fe, ambako uongozi ulishikwa na Luteni Kanali Philip St. George Cooke. Kutoka mji huo hadi pwani ya California hapakuwa na njia ya magari iliyowafaa. Ilibidi waitengeneze wenyewe, wakichimba visima jangwani na kuchonga miamba kwa mashoka na mitaimbo ili magari yapite. Walifika karibu na San Diego mwishoni mwa Januari 1847, baada ya mwendo wa takribani kilomita 3,000.

Katika mwendo huo wote hawakupigana hata mara moja na jeshi la Mexico. Pambano lao la pekee lilikuwa tarehe 11 Desemba 1846 karibu na Mto San Pedro, waliposhambuliwa na mafahali wa mwituni. Tarehe 16 Julai 1847, huko Los Angeles, mwaka wao wa utumishi ulikwisha, wakaachiwa huru. Takribani 80 kati yao walijiandikisha tena kwa muda mfupi. Waliosalia wakaanza kutafuta njia ya kurudi kwa watu wao.

2. Familia zilizoandamana nao na zilizobaki nyuma

Tukiishia hapo, tutakuwa tumesimulia habari za gwaride tu. Historia ya batalioni hii ni historia ya familia.

Zaidi ya wanawake 30 na makumi ya watoto waliondoka pamoja na kikosi. Utaratibu wa jeshi uliruhusu kila kombania iwe na wanawake wanne wa kufua nguo, na kwa njia hiyo wake 20 wakapata nafasi rasmi. Njia ilipozidi kuwa ngumu, wagonjwa pamoja na karibu familia zote walipelekwa kwa mafungu matatu hadi Pueblo, katika jimbo ambalo leo ni Colorado, wakapitisha huko majira ya baridi. Ni wanawake wanne tu waliofika California pamoja na kikosi: Susan Davis, Lydia Hunter, Phebe Brown na Melissa Coray. Lydia Hunter alijifungua mtoto wa kiume huko San Diego mwezi Aprili 1847, naye akafariki siku chache baadaye. Mtoto aliitwa Diego, kwa jina la mji alimozaliwa.

Wale waliobaki katika kambi za Mto Missouri nao walikuwa na vita vyao. Mwezi Septemba 1846 walianza kujenga kituo kilichoitwa Winter Quarters, katika eneo ambalo leo ni sehemu ya mji wa Omaha. Walikaa katika vibanda vya magogo na mapango ya udongo, wakakosa mboga na matunda, wakashikwa na kiseyeye na homa. Mamia walikufa katika kambi za eneo hilo, wengi wao wakiwa watoto wadogo. Nyumba zilizokuwa zimewatoa wanaume wenye nguvu ndizo zilizokosa mtu wa kukata kuni na kuchimba kaburi.

Nitataja akina mama wawili. Wa kwanza ni Drusilla Hendricks. Mume wake, James, alikuwa amepigwa risasi ya shingo mwaka 1838 huko Missouri, akapooza; tangu siku hizo mama huyu ndiye aliyeibeba nyumba. Kijana wao William alipotakiwa jeshini, mama alikataa. Alishindana na moyo wake mpaka saa ya kuondoka kikosi, akaomba, kisha akamruhusu. William alirudi salama. Habari hizi tunazijua kwa sababu Drusilla mwenyewe aliacha simulizi ya maisha yake, na watoto wake hawakuitupa.

Wa pili ni Sarah Allen, aliyebaki Iowa na watoto wadogo huku mume wake, Ezra Allen, akienda na batalioni. Mwezi Juni 1848, Ezra na wenzake wawili walitangulia kutafuta njia katika milima ya Sierra Nevada, wakauawa. Wenzao walipofika waliwazika, wakachonga majina yao kwenye mti mkubwa, na mahali hapo pakaitwa Tragedy Spring. Walikuta pia mfuko mdogo wa ngozi wa Ezra wenye vumbi la dhahabu. Mfuko huo ulivuka bara ukamfikia mjane aliyekuwa bado anamngoja mumewe. Kwa dhahabu hiyo alinunua mahitaji ya safari, akawapeleka watoto wake magharibi. Mti ulipozeeka na kuanguka, kipande chake chenye majina kilihifadhiwa, na kipo katika hifadhi ya kihistoria huko Coloma, California.

3. Daftari dogo la mfukoni

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili lilisemwa kwa ajili ya biashara, lakini linaifaa historia pia.

Askari kadhaa wa batalioni walikuwa na shajara, yaani madaftari ya kuandika mambo ya kila siku. Hawakuwa wasomi. Waliandika kwa tahajia mbovu, wakiwa wamechoka, kwa mwanga wa moto wa kambi: leo tumetembea maili kadhaa, maji hakuna, fulani anaumwa. Henry Standage aliandika hivyo, vilevile Azariah Smith, vilevile Henry Bigler. Hakuna aliyejua kwamba maneno yake yangesomwa na watu wa karne nyingine.

Bigler na Smith, baada ya kuachiwa jeshini, walipata kibarua cha kujenga kiwanda cha kupasulia mbao cha John Sutter huko Coloma. Msimamizi wao, James Marshall, aliokota vipande vya dhahabu katika mfereji wa maji, na tukio hilo likavuta makundi makubwa ya watu California kutoka pande nyingi za dunia. Lakini lilitokea siku gani? Marshall mwenyewe, alipoulizwa baadaye, alikumbuka kwa kukisia, akataja siku za kati ya tarehe 18 na 20 Januari. Kumbe kibarua wake Bigler alikuwa ameandika mstari mmoja katika daftari lake siku ileile. Kwa mstari huo, ukisaidiwa na daftari la Smith, dunia yote inajua leo kuwa ilikuwa tarehe 24 Januari 1848.

Tafadhali, ndugu zangu, tulitafakari jambo hili. Tajiri mwenye kiwanda hakutupa tarehe, wala msimamizi hakutupa. Tarehe tumepewa na kibarua aliyekuwa na daftari mfukoni.

4. Kumbukumbu inaposahihishwa na maandishi

Sasa naingia katika jambo gumu zaidi, nalo ndilo kiini cha mada yangu.

Kwa miaka mingi wazee wa Kimormoni waliwasimulia watoto wao kwamba batalioni ilitokana na ukatili wa serikali: taifa lililoshindwa kuwalinda likawafuata hata jangwani kuwanyang'anya vijana wao 500. Mwaka 1881 Daniel Tyler, aliyekuwa sajini katika batalioni, alichapisha historia ya kikosi hicho, akaitilia nguvu sauti hiyo ya malalamiko. Kitabu chake ni hazina kubwa, maana aliyaona mambo kwa macho yake na akakusanya maneno ya wenzake walipokuwa wangali hai. Watu waliokuwa wameteswa kweli walikuwa na kila sababu ya kuisadiki simulizi hiyo.

Hata hivyo karatasi zilipofunguliwa zilieleza zaidi. Ilidhihirika kwamba mwezi Januari 1846 Brigham Young alikuwa amempa Jesse Little agizo la kutafuta msaada wa serikali kwa safari ya magharibi, na kwamba mwezi Juni Little alionana na Rais James K. Polk mjini Washington. Shajara ya Rais Polk, iliyochapishwa mwaka 1910, inaonyesha kuwa aliwakubali askari hao ili kuwavuta Wamormoni wawe upande wa Marekani, wasije wakaegemea upande wa adui. Kwa upande wao viongozi wa Kimormoni walihitaji fedha za mishahara na ruhusa ya kukaa kwa muda katika ardhi ya Wahindi Wekundu. Yalikuwa mapatano yenye faida kwa pande zote mbili, ingawa mzigo wake uliangukia mabega ya askari na wake zao.

Hata kuhusu fedha, maandishi hayakuficha. Sehemu kubwa ya posho na mishahara ilitumiwa na viongozi kwa manunuzi ya pamoja, na barua na shajara za wakati ule zinaonyesha kwamba baadhi ya askari na wake zao walinung'unika, wakiona familia zao hazikupata kilichostahili.

Je, kusahihishwa huku kumewavunjia heshima wale askari? La, hasha. Mwendo wao ni uleule, na kiu yao ni ileile. Mama Hendricks bado alimtoa mwanawe. Kilichobadilika ni kwamba sasa tunawaona kama watu halisi, wenye viongozi waliopanga na kukadiria, wenye wake waliolalamika kwa haki. Nao wamesahihishwa kwa karatasi ambazo nyingi zilitunzwa na watu wao wenyewe, na baadhi ya watafiti walioyaandika haya ni wa jamii hiyohiyo. Jamii inayotunza hati zake inakubali pia kuambiwa ukweli na hati hizo. Anayechoma barua zisizompendeza huhifadhi sifa tu, na sifa bila ushahidi haivuki kizazi cha tatu.

5. Kazi ya vizazi vingi

Uhifadhi huu haukufanywa na mtu mmoja, wala kwa mwaka mmoja. Mwaka 1887 Marekani ilitunga sheria ya pensheni kwa askari wa vita vya Mexico na wajane wao, dola 8 kwa mwezi. Ili kulipwa, mzee au mjane alipaswa kuthibitisha utumishi, ndoa na umri, akilete mashahidi. Bila kukusudia, ofisi ya pensheni ikawa ghala la habari za familia.

Mwaka 1894 kanisa lao liliunda chama cha nasaba katika Utah, na mwaka 1938 chama hicho kilianza kupiga picha za rejesta na hati kwa filamu ndogo. Baadaye lilichongwa ghala ndani ya mlima wa mawe karibu na Salt Lake City ili filamu hizo zisiharibiwe na moto wala unyevu. Zaidi ya filamu milioni 2 ziligeuzwa kuwa picha za kompyuta, na kazi hiyo ilikamilika mwaka 2021. Wana sababu zao za kiimani za kutafuta majina ya mababu, ambazo sisi hatushiriki. Lakini bidii yao katika kutunza hati yatupasa kuiheshimu.

Mwaka 1901 wanawake waliunda chama cha mabinti wa waanzilishi wa Utah, wakakusanya simulizi za bibi zao, vyombo vyao na nguo zao. Mwaka 1927 mnara wa batalioni ulizinduliwa katika viwanja vya bunge la Utah, na mwaka uliofuata shajara ya Standage ilichapishwa. Mwaka 1936 sanamu ya baba na mama wakimzika mtoto wao mchanga ilisimamishwa katika makaburi ya Winter Quarters, pamoja na majina ya marehemu. Mwaka 1996 mwanahistoria Norma Baldwin Ricketts alichapisha kitabu kilicholinganisha shajara na orodha za jeshi, akiwafuatilia askari, wanawake na watoto mmoja mmoja. Na mwaka 1994, karibu miaka 150 baada ya safari, kilele kimoja cha Sierra Nevada kilipewa jina la Melissa Coray, msichana wa miaka 18 aliyetoka nyumbani akiwa bibi arusi.

Angalieni mpangilio huo: askari walikumbukwa mapema, mama na mtoto walisubiri zaidi. Wangesahaulika kabisa, kama hapangekuwapo mtu aliyeweka barua ya bibi yake katika sanduku, bila kujua itamfaa nani.

6. Yanayotuhusu sisi

Washarika wapendwa, nchi yetu nayo inao askari na wapagazi wake. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, maelfu kwa maelfu ya watu wa Afrika Mashariki walibebeshwa mizigo ya majeshi ya pande zote mbili. Wengi hawakurudi, na wengi wao hawana kaburi linalojulikana wala jina lililoandikwa. Wake zao walilima peke yao. Wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa kwa sababu ya vita hivyo, walimu na wazee wa Kiafrika ndio walioendelea kukusanya watu kwa sala. Je, majina yao tunayo? Na majina ya wake zao je? Mara nyingi katika vitabu vyetu tunasoma "mwinjilisti na mkewe", kana kwamba mkewe hakubatizwa kwa jina.

Napendekeza mambo manne, yote yakiwa ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, vitabu vya ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi, pamoja na mihtasari ya vikao vya wazee, vipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, na nakala iwekwe dayosisini. Mchwa na mvua havisubiri jubilei nyingine.

Pili, kila mtaa uteue vijana wawili wa kuwarekodi wazee wetu kwa simu zao, wakiandika jina la msemaji, tarehe na mahali. Waanze na walio na umri mkubwa zaidi, na waanze mwezi huu.

Tatu, kila familia ifungue sanduku lake. Barua, cheti cha ubatizo, picha ya harusi, risiti ya sadaka: msitupe. Andikeni nyuma ya kila picha majina ya waliomo, mama na watoto pamoja, maana atakayekuja hatawatambua kwa sura.

Nne, tuandike hata yale yasiyotupendeza: ugomvi wa mipaka, fedha zilizolalamikiwa, ndugu waliotengana nasi. Tuyaandike kwa upole na kwa haki, tukimpa kila upande neno lake.

Yoshua aliagiza mawe kumi na mawili yatolewe katikati ya Yordani, ili watoto watakapouliza maana yake waweze kujibiwa. Mawe hayo hayakujieleza yenyewe. Yalimhitaji mzazi anayejua jibu. Kanisa hili tulilolijenga ni jiwe. Wajukuu wetu watakaposimama hapa kuadhimisha miaka 200 watauliza ni nani waliolibeba, na jibu lao litatoka katika madaftari tutakayokuwa tumeyatunza.

 Mungu awabariki nyote, na aubariki usharika wetu katika karne yake ya pili. Amina.